Kompyuta ya Zamani, Mfumo Endeshi Mpya: Kinachobadilika na Kinachobaki

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, watu wengi wenye kompyuta nyumbani wamejikuta mbele ya swali ambalo hawakulitafuta. Kompyuta inawaka, barua zinaandikika, picha zinafunguka na mtandao unapatikana. Hata hivyo, kila baada ya siku chache skrini huwakumbusha kwamba mfumo endeshi wao umefika mwisho, na wengine huambiwa papo hapo kwamba mashine yao haifai kupokea mfumo mpya. Mwenye kompyuta hubaki akijiuliza kama abadili mfumo, anunue mashine nyingine, au alipuuze onyo na kuendelea na shughuli zake.

Ugumu wa swali hili hautokani na ufundi peke yake. Unatokana zaidi na kuchanganywa kwa vitu vitatu vilivyokaa ndani ya boksi moja, ingawa kila kimoja kina umri wake na hatari zake: mashine, mfumo endeshi, na faili za mwenyewe. Mashine huchakaa. Mfumo endeshi hutolewa na kampuni au jumuiya ya watengenezaji, hutunzwa kwa miaka kadhaa, kisha huachwa. Faili, yaani picha, barua, hesabu na kazi za shule, hazikutoka kiwandani na haziuzwi popote zikishapotea. Nimewasaidia watu kadhaa katika kazi hii, na karibu kila hasara niliyoiona ilimpata mtu aliyekilinda kimoja kati ya vitatu hivyo huku akiamini kwamba amevilinda vyote.

Mfumo ulioachwa

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya vifaa na programu nyingine zote. Unapobofya ili kuchapisha ukurasa, programu ya kuandikia haiisemeshi printa yenyewe. Huukabidhi mfumo endeshi ombi lake, nao hulipeleka kwa draiva, ile programu ndogo inayoijua printa ya aina hiyo na lugha yake. Mfumo huohuo hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za prosesa, ile chipu kuu inayotekeleza kazi za kompyuta, huamua nani anaruhusiwa kufungua faili gani, na hupokea kila kinachoingia kutoka mtandaoni. Kwa kuwa kila kitu hupita mikononi mwake, kosa dogo katika msimbo wake linaweza kuwa mlango wa kuiingilia kompyuta nzima, na msimbo wenyewe ni mkubwa kiasi kwamba makosa mapya hugunduliwa kila mwezi.

Makosa hayo hurekebishwa kwa viraka vya usalama, ambavyo Microsoft huvitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Mfumo unapoachwa, hauharibiki wala haufungwi. Kinachokoma ni kazi ya kuiziba mianya yake. Kuna jambo moja hapa ambalo halielezwi vya kutosha. Windows 10 na Windows 11 zinashirikiana sehemu kubwa ya msimbo, kwa hiyo kiraka kinapotolewa kwa ajili ya Windows 11, mtu mwenye nia mbaya anaweza kukilinganisha na faili iliyokuwepo awali, akaona ni kipi kilichorekebishwa, akajua mahali ambapo mwanya huohuo ungali wazi katika Windows 10. Hatari ya mfumo ulioachwa, basi, hupanda polepole, mwezi baada ya mwezi. Aliyeitumia kompyuta yake asubuhi ya tarehe 15 Oktoba hakuwa katika hatari kubwa kuliko jana yake. Anayeitumia miaka miwili baadaye bila kiraka hata kimoja yuko katika hali tofauti kabisa.

Mfano unaojulikana ni shambulio la WannaCry, lililoanza tarehe 12 Mei 2017. Programu hiyo hasidi ilizifunga faili za watu na kudai malipo ili izifungue, na katika muda wa siku chache tu ilikuwa imezikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali nyingi za umma nchini Uingereza. Mwanya iliopitia ulikuwa umekwisha kutolewa kiraka tarehe 14 Machi mwaka huohuo kwa mifumo iliyokuwa ikihudumiwa. Windows XP, iliyoachwa tangu tarehe 8 Aprili 2014, ilikuja kupewa kiraka hicho baada ya shambulio kuanza. Lakini wengi wa walioathirika walikuwa wakitumia Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa ingali ikihudumiwa. Kiraka chao kilikuwepo kwa muda wa miezi miwili na hawakukisakinisha. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu ya sehemu hiyo ya mwisho: anayehamia mfumo mpya kisha akazuia masasisho kwa kuwa yanamkera amejitwika usumbufu wote wa kuhama na kuiacha faida yake.

Kwa asiyekuwa tayari kuhama, Microsoft iliandaa mpango wa kuendelea kuwapa watumiaji wa nyumbani viraka vya usalama vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa sharti kwamba kompyuta iwe kwenye toleo la 22H2, ambalo ndilo la mwisho. Mpango huo hauleti kipengele kipya chochote. Unampa mtu muda wa kujipanga, na muda huo utumike kujipanga kweli.

Kwa nini mashine nzima hukataliwa

Windows 11 ilitolewa tarehe 5 Oktoba 2021, na masharti yake yanaanza kwa namna isiyomshtua mtu: kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na prosesa ya biti 64 yenye angalau viini viwili. Gigabaiti 4 zinatosha kuuwasha mfumo, lakini hazitoshi kwa mtu anayefungua kurasa kadhaa za mtandao huku akiandika. Hesabu iliyo ya kweli zaidi ni 8. Masharti yaliyozuia mashine nyingi ni mengine matatu, nayo hayana uhusiano na kasi wala nguvu.

La kwanza ni TPM toleo la 2.0. Hii ni chipu ndogo, au sehemu iliyojengwa ndani ya prosesa, inayotunza funguo za siri mahali ambapo programu za kawaida hazifiki. Kompyuta inapowaka, vipimo vya kila hatua ya uwashaji huandikwa ndani ya TPM, na ufunguo wa kuifungua diski iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo, hutolewa tu iwapo vipimo hivyo vinalingana na vile vilivyotarajiwa. Ndiyo maana diski ya namna hiyo ikichomolewa na kupachikwa kwenye kompyuta nyingine haisomeki bila ufunguo wake wa urejeshaji. Sharti hili limewaogopesha wengi bila sababu, kwa kuwa mara nyingi uwezo huo upo na umezimwa tu: katika prosesa nyingi za Intel unaitwa PTT, na katika za AMD unaitwa fTPM, na kompyuta nyingi za mezani zilitoka kiwandani zikiwa zimeuzima. Kabla ya kuamini kwamba mashine haina TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha soma kilichoandikwa. Dirisha likisema kwamba haipatikani, ingia kwenye mipangilio ya ubao mama, ile inayofikiwa kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu kompyuta inapowaka, utafute majina hayo mawili.

La pili ni uwashaji salama, ambao mipangilio huuita Secure Boot, na ambao huhitaji ubao mama uwe unatumia UEFI, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, badala ya BIOS, programu ya kizamani ya kazi hiyohiyo. Kazi yake ni kukagua sahihi ya kidijitali ya programu inayoupakia mfumo endeshi, ili programu hasidi isijipenyeze kabla mfumo wenyewe haujaamka na kuweza kujitetea. Hapa pana mtego ambao ni lazima uelezwe kwa utulivu. Kompyuta nyingi zenye uwezo wa UEFI zilisakinishiwa mfumo kwa mtindo wa zamani, na diski zao zimegawanywa kwa utaratibu wa MBR, uleule usioweza kutumia zaidi ya terabaiti 2 za diski. UEFI huhitaji utaratibu wa GPT. Mtu akienda kwenye mipangilio na kuwasha UEFI peke yake, huku diski ikiwa bado ni ya MBR, kompyuta itawaka na kudai kwamba haioni mfumo wowote. Hakuna kilichofutika, akiurudisha mpangilio ulivyokuwa, kila kitu kitarejea. Windows 10 huja na chombo kiitwacho mbr2gpt, ambacho huigeuza diski kutoka utaratibu mmoja hadi mwingine bila kufuta faili, lakini hakuna sababu ya kukitumia kabla nakala za faili hazijahifadhiwa mahali pengine.

La tatu ndilo lisilo na dawa: prosesa yenyewe. Kwa kompyuta nyingi za Intel, orodha inayokubaliwa inaanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017, na kwa AMD inaanzia mfululizo wa Ryzen 2000, wa mwaka 2018. Matokeo yake ni kwamba kompyuta imara ya mwaka 2015 yenye gigabaiti 16 za RAM hukataliwa, wakati kompyuta dhaifu ya mwaka 2019 yenye gigabaiti 4 hukubaliwa. Hoja ya usalama ina uzito, kwa kuwa prosesa za baadaye hubeba baadhi ya kinga bila kuipunguzia kompyuta kasi sana. Hata hivyo, naona mstari huo ulichorwa kwa ukali uliozidi, kwa sababu umeziondoa mashine ambazo zingeweza kufanya kazi kwa miaka mingine mingi, na gharama yake imemwangukia mwenye kompyuta ambaye hakukosea lolote.

Zipo njia za kuuruka ukaguzi huo na kuisakinisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubaliwa. Zinafanya kazi, na nawaelewa wanaozitumia. Lakini Microsoft imeeleza wazi kwamba kompyuta ya namna hiyo haina haki ya kupokea masasisho, jambo ambalo linarudisha tatizo lilelile lililomfanya mtu ahame. Aidha, toleo la 24H2 lilianza kudai amri fulani za prosesa, miongoni mwao POPCNT, na kwenye mashine za kale sana zisizo na amri hizo haliwezi hata kuwaka. Kwa kompyuta ya kujifunzia hilo linavumilika. Kwa kompyuta ambayo familia huitumia kulipia huduma na kutunza kumbukumbu, singeshauri.

Kabla ya kuihukumu mashine kuwa imechoka, itazamwe diski yake. Diski ya kuzunguka hutegemea mkono wa kusomea unaohama kutoka mahali hadi mahali juu ya sahani, na huweza kufanya safari kama mia moja hivi kwa sekunde. SSD, diski ya chipu, haina kinachosogea, nayo hujibu maombi maelfu kwa maelfu katika muda huohuo. Mifumo ya leo husoma faili ndogo nyingi mfululizo, kwa hiyo kompyuta inayochukua dakika kadhaa kuwaka mara nyingi haidai prosesa mpya wala mfumo mpya, inadai SSD. Nimeona mashine zilizokuwa zimekwisha kutengwa zikirudi mezani kwa badiliko hilo moja.

Mashine iliyokataliwa ina njia nyingine

Linux, mfumo endeshi mwingine ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa leo kwa sura nyingi, na mbili zinazomfaa aliyezoea Windows ni Ubuntu na Linux Mint. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili na hupata viraka vya usalama kwa miaka mitano bila malipo. Ubora wake mkubwa kwa mtu anayesitasita ni kwamba anaweza kuijaribu kabla ya kuamua: mfumo huwekwa kwenye flashi, kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo, na diski ya ndani haiguswi. Katika nusu saa ya majaribio mtu ataona kama mtandao usiotumia waya unashika, kama sauti inatoka, kama printa inatambuliwa, na kama kompyuta inaamka vizuri baada ya kulala.

Hata hivyo, ni haki kueleza kinachopotea. Programu za Microsoft Office za kusakinishwa hazikutengenezwa kwa ajili ya Linux. LibreOffice hufungua nyaraka zao kwa kiasi kizuri, ingawa waraka wenye mpangilio mgumu wa kurasa unaweza kusogea hapa na pale. Michezo kadhaa ya mtandaoni yenye kinga dhidi ya udanganyifu hukataa kuendeshwa. Programu ya kazi iliyoandikwa kwa Windows peke yake, kwa mfano ya hesabu za biashara, inaweza kukosa mbadala kabisa. Kwa mtu ambaye shughuli zake zote zimo ndani ya kivinjari, tofauti itakuwa ndogo kuliko anavyohofia.

Wenye kompyuta za Apple wana swali jepesi kidogo, kwa kuwa kampuni hiyohiyo hutengeneza mashine na mfumo, na kila toleo la macOS huja na orodha ya mashine linazokubali. Toleo la macOS 26, lililotolewa Septemba 2025, ni la mwisho kwa mashine zenye prosesa za Intel. Wao pia wanapaswa kukumbuka kwamba mfumo mpya unaweza kuziacha programu za zamani: macOS Catalina ya mwaka 2019 iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, na watu waliosasisha bila kukagua waliamka na kukuta programu walizozilipia hazifunguki tena.

Faili kwanza

Kila chombo cha kusasisha huahidi kuzihifadhi faili, na kwa kawaida hutimiza ahadi hiyo. Lakini umeme hukatika, diski kuukuu hufa hasa siku inapofanyishwa kazi kubwa, na mtu huchagua sehemu isiyo yake kwenye orodha ya sehemu za diski. Kwa sababu hiyo nakala huhifadhiwa kabla ya hatua yoyote, hata iwe hatua gani.

Tatizo la kwanza ni kujua faili ziko wapi. Watu hukopi folda ya nyaraka, picha na kilichoko kwenye eneokazi, wakaondoka. Wanasahau vilivyopakuliwa. Wanasahau barua pepe, ambazo baadhi ya programu huzitunza ndani ya folda iliyofichwa na wala si kwenye seva. Wanasahau alama za kurasa na nywila zilizo ndani ya kivinjari. Wanasahau programu ya hesabu, ambayo huenda inaiweka hifadhidata yake kwenye folda ya programu yenyewe badala ya kuiweka kwenye folda ya mtumiaji. Njia bora niijuayo ni kuzifungua programu moja baada ya nyingine na kuiuliza kila moja swali hilohilo: kazi niliyoifanya humu imelala wapi?

Tatizo la pili ni imani kwamba hifadhi ya mtandaoni ni nakala. Huduma kama OneDrive kazi yake ni kuzifanya sehemu mbili zifanane. Ukifuta faili upande mmoja, itafutika na upande wa pili, na ingawa kuna pipa la taka la kuiokolea, pipa hilo lina muda wake. Zaidi ya hapo, huduma hizo huweza kuacha kwenye diski jina la faili tu huku faili yenyewe ikiwa mtandaoni, ikionyeshwa kwa alama ndogo ya wingu. Mtu anayekopi folda yake kwenda kwenye diski ya nje anapaswa kuhakikisha kwamba faili hizo zimeshushwa kweli. Utaratibu wa siku nyingi wa kuwa na nakala 3, katika aina 2 za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine, bado ni mzuri. Kisha nakala ijaribiwe: ichukuliwe diski ya nje, ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, zifunguliwe faili chache kutoka folda tofauti. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala.

Tatizo la tatu ni usimbaji fiche, nalo ndilo lenye ukatili zaidi. Kompyuta nyingi za mkononi zenye Windows huisimba diski zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na wengi hawajui kwamba diski yao imesimbwa. Siku atakapobadilisha mipangilio ya TPM au ya uwashaji, vipimo nilivyovieleza hapo juu havitalingana, na kompyuta itadai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nao hawezi kuzifikia faili zake, wala fundi hawezi kumsaidia, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya usimbaji. Kwa hiyo, kabla ya kugusa mipangilio yoyote ya ubao mama, hatua ya kwanza ni kuutafuta ufunguo huo katika akaunti yako, kuuandika kwenye karatasi, na kuusitisha usimbaji kwa muda.

Kupandisha juu au kuanza upya

Njia mbili za kuingiza mfumo mpya hufanana kwa jina tu. Ya kwanza ni kuupandisha juu ya ule uliopo, ambapo programu, mipangilio na faili hubaki mahali pake. Ni njia ya haraka, na kwa kompyuta yenye afya inatosha. Kasoro yake ni kwamba huvibeba vyote, pamoja na draiva za printa iliyotupwa zamani na programu zinazojiwasha kila asubuhi bila kazi, na kompyuta iliyokuwa ikisuasua itaendelea kusuasua chini ya sura mpya. Tena haiwezekani kuitumia kutoka Windows 10 ya biti 32, kwa sababu Windows 11 haina toleo la biti 32.

Ya pili ni kuifuta diski na kusakinisha mfumo kutoka kwenye flashi ya angalau gigabaiti 8. Kompyuta huanza bila uchafu wowote, na ikiwa Windows 10 ilikuwa imeidhinishwa, kibali chake cha kidijitali kinafungamana na vifaa vya mashine hiyo, kwa hiyo mara nyingi mfumo mpya hujiidhinisha wenyewe ukishafika mtandaoni. Gharama yake ni kwamba kila programu husakinishwa tena, na baadhi ya programu za kulipia huhesabu kompyuta zinazoruhusiwa, hivyo ni busara kuzitoa kwenye usajili kabla ya kufuta.

Iwapo diski ya sasa ni ya kuzunguka na inaweza kubadilishwa, ipo njia ninayoipenda kuliko zote mbili. Diski ya zamani huchomolewa ikiwa nzima, SSD mpya huwekwa mahali pake, na mfumo husakinishwa kwenye SSD hiyo. Diski ya zamani hukaa kabatini kama ilivyokuwa siku ya mwisho, ikiwa na kila faili na kila mpangilio. Kitu kikisahaulika, na hakuna anayekosa kusahau, diski hiyo huchomekwa kwa waya wa USB na kitu hicho huchukuliwa. Kosa lolote litakalofanyika wakati wa kusakinisha haliwezi kuifikia.

Aliyepandisha mfumo juu ya ule wa zamani ana muda mfupi wa kujirudi. Windows huuhifadhi mfumo uliopita katika folda iitwayo Windows.old, na kwa siku 10 mtu anaweza kurudi alikotoka kupitia mipangilio ya urejeshaji. Baada ya hapo folda hiyo hufutwa, na njia ya kurudi inabaki ile ndefu ya kusakinisha upya. Siku hizo 10 zitumike kwa makusudi: chapisha ukurasa, piga skani, pigia mtu simu ya video ukitumia kamera na kipaza sauti, fungua ile programu unayoihitaji mara moja kwa mwezi, laza kompyuta kisha uiamshe, na uhakikishe kwamba masasisho yanaingia. Draiva ikikosekana, itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kifaa chenyewe, kwa kuwa tovuti za kati zinazojitangaza kuwa na draiva zote mara nyingi huleta na vingine visivyotakiwa. Usimbaji uliositishwa uwashwe tena, na ufunguo wake uangaliwe upya, kwa maana diski iliyosakinishwa upya hupewa ufunguo mwingine na ile karatasi ya mwanzo haitaifungua.